Mzee Ezron na Benchi la Nyuma

Katika usharika mmoja wa Suma, huko juu ambako ukungu wa Mlima Rungwe hushuka asubuhi na kusahau kuondoka, hakukuwa na mtu mnyofu kama Mzee Ezron. Hilo si neno langu. Alilisema mwenyewe, kwa unyenyekevu, karibu kila Jumapili.

Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka thelathini na moja. Kiti chake kilikuwa mbele, upande wa kulia, kikiwatazama waumini, na kutoka hapo aliwaona wote: nani kachelewa, nani anasinzia, nani kaja na gambuti zenye tope wakati ana viatu nyumbani. Hakuwahi kuonja kimpumu, hata ujanani, pombe hiyo ya ulezi ilipokuwa ikinywewa kwa mirija uani kwao. Hakuwahi kuchuma chai Jumapili, hata mwaka ule majani yalipozidi yakakomaa shambani na wenzake wakachuma huku wakiomba msamaha. Alikuwa na ng'ombe wawili, migomba, nusu eka ya chai, mke mvumilivu aitwaye Tulinagwe, na koti jeusi alilolivaa siku ya kusimikwa uzee na kila siku ya ibada tangu hapo.

Jumamosi alifundisha darasa la kipaimara. Swali lake kuu lilikuwa moja tu: "Mtu anahesabiwaje haki mbele za Mungu?" Watoto walitakiwa kujibu kwa pamoja, bila kuvuta pumzi: "Kwa imani tu, wala si kwa matendo yake!" Aliyekosea neno alipewa jembe akapalilie chai ya kanisa. Hivyo kwa miaka thelathini na moja watoto wa pale walijifunza kwa jasho lao kwamba matendo hayaokoi, na shamba la kanisa likawa safi kuliko mashamba yote ya Suma.

Nyuma kabisa ya kanisa, karibu na mlango, palikuwa na benchi refu la mkaratusi. Kila mtu alilijua na hakuna aliyelizungumzia. Hapo walikaa waliotengwa: hawakushiriki Meza ya Bwana, hawakuimba kwaya, na watoto wao hawakubatizwa. Dirisha la juu ya benchi hilo lilivunjika kioo mwaka mmoja wa upepo mkali. Baraza la wazee lilipojadili kuweka kingine, Mzee Ezron alisimama akasema kwamba baridi kidogo huikumbusha nafsi ilikotoka. Hoja ikapita, na dirisha likabaki wazi.

Sasa, huyu Mzee Ezron alikuwa na mwana mmoja, Obed, na Obed alikula kabla ya kunawa. Alimleta nyumbani binti aitwaye Elina, mchumaji wa chai, na tumbo la Elina lilikuwa limekwisha tangulia ndoa kwa miezi mitano. Mzazi mwingine angeficha. Mzee Ezron alivaa koti lake akaenda kwa mchungaji siku hiyohiyo, akawashtaki mwanawe na mkwewe kabla jirani yeyote hajapata utamu wa kufanya hivyo. "Sheria haichagui mtoto wa nani," alisema. Watu walimsifu mwezi mzima.

Vijana wakafungishwa ndoa ofisini kwa mchungaji, bila kengele wala vigelegele, wakatengwa mwaka mmoja mpaka matunda ya toba yaonekane. Obed akapata kazi machimboni Chunya. Dhambi yake ikapanda basi pamoja naye, na huko Chunya, nasikia, haikumsumbua sana. Ya Elina ilibaki Suma. Elina alikaa benchi la nyuma, akajifungua, akarudi benchi la nyuma na mtoto wa kike waliyemwita Atupele. Siku za wiki alipalilia chai ya kanisa, maana hayo ndiyo matunda ya toba yanayoonekana kwa urahisi hata ukipita barabarani. Mtoto asingebatizwa mpaka mama arudishwe kundini, na mama angerudishwa, kama wazee wangeridhika, katika kikao cha Jumamosi baada ya Pasaka. Elina alikuwa akihesabu siku kwa vidole.

Kuna jambo moja lazima nilieleze hapa, kwa faida ya wageni. Kwetu Unyakyusa, tangu zamani, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Tunaita kutila. Hawatazamani usoni, hawasemeshani, hawakutani njiani, na mke hatamki jina la baba mkwe hata ashikiwe panga. Mzee akija hukohoa. Mkwe akisikia hujificha. Kanisa lilikwisha sema siku nyingi kwamba hiyo ni mila ya giza, na hakuna aliyeipiga vita kuliko Mzee Ezron. Jumapili ya Matawi, ilipokuwa zamu yake ya kuhubiri, alipiga ngumi mimbari. "Ndani ya Kristo hakuna kutila! Anayetila leo bado yuko gizani!" Waumini wakasema amina. Ibada ilipokwisha akaenda zake nyumbani, akafika kwenye kona ya migomba, akakohoa mara mbili kwa nguvu, akangoja Elina akimbilie nyuma ya zizi, ndipo akaingia uani kula.

Usimcheke. Waliosema amina nao walikohoa makwao.

Jumamosi Kuu alitumwa Tukuyu kuchukua divai ya Meza ya Bwana, chupa mbili. Mtu mwingine angepanda bodaboda kutoka njia panda akafika kanisani nguo hazijalowa. Lakini Mzee Ezron ndiye aliyelishawishi baraza lipitishe azimio kwamba divai takatifu isipakiwe kwenye bodaboda, kwa kuwa siti hizohizo hubeba kreti za bia. Basi alishuka kwenye gari njia panda akatembea, mwendo wa saa moja na nusu, kikapu mkononi, chupa zimefungwa kwa majani makavu ya mgomba, na mvua ya Aprili ikimshukia bila huruma.

Karibu na kwao kuna kijito chenye daraja la magogo mawili. Mzee akakohoa, kama alivyozoea kila mahali penye kona. Lakini kijito kilikuwa kimejaa, kinanguruma, na kikohozi chake hakikufika ng'ambo. Ng'ambo alikuwa anakuja Elina, ametoka kupalilia chai ya kanisa, Atupele mgongoni, karatasi la nailoni limemfunika mpaka machoni. Wakakutana katikati ya daraja, uso kwa uso, hatua mbili baina yao.

Mila inasema wazi: mkwe ndiye anayepisha. Elina alitazama maji upande huu, akatazama upande ule, akaanza kukunja goti. Mzee Ezron akaona kofia ndogo ya sufu ikichungulia begani kwa mama. Miaka yote alikuwa mtu wa kupima kwanza na kutenda baadaye, na safari hii hakupima chochote. Akaruka yeye.

Chupa ziligonga jiwe kabla yake. Divai ya Pasaka ikateremka kuelekea Ziwa Nyasa, na mzee akabaki ndani ya maji mpaka kiunoni, mguu umenasa kati ya mawe, ameshika mzizi, anaguna na kugugumia bila neno hata moja, maana hata hapo hakuwa tayari kumsemesha mkwewe.

Elina naye alikuwa na mtihani wake. Kumtazama haruhusiwi. Kumgusa haruhusiwi. Kumwacha afe, hilo mila haikulisema, lakini yeye mwenyewe hakuliweza. Akafungua kitenge alichojifunga kiunoni juu ya sketi, akakisokota kikawa kama kamba, akashuka ukingoni kinyumenyume, uso ameuelekeza mlimani, akarusha ncha nyuma yake. Ikaangukia majanini. Akarusha tena. "Kulia kidogo," alisema Elina, akiuambia mlima. Mzee akaidaka. Elina akavuta kwa nguvu zote, kama watu wanavyomvuta ndama aliyetumbukia shimoni, na muda wote huo Atupele, mgongoni pale, alikuwa amegeuza shingo anamtazama babu yake machoni na kumchekea.

Mzee alipokanyaga nchi kavu, Elina alikuwa amekwisha potelea kwenye migomba. Hakuna aliyevunja mila, na hakuna aliyesema asante.

Divai ikimwagika haizoleki. Ofisi ya Tukuyu ilikuwa imefungwa mpaka Jumanne. Jambo jepesi lilikuwa kwenda kwa Mchungaji Wilson, kijana mpole kutoka Tabora aliyeletwa pale miaka miwili iliyopita, na kumwambia: nimeanguka, chupa zimevunjika. Lakini angeulizwa, umeangukaje? Na yeye aliyepiga ngumi mimbari siku sita zilizopita angejibu nini? Kwamba alijitupa mtoni kumkwepa mkwewe? Alilipima jambo hilo njia nzima akichechemea. Alipofika kwenye kona ya migomba alikuwa amekwisha amua kwamba dhambi isiyoonekana ni nafuu kuliko aibu inayoonekana. Akakohoa, akaingia uani.

Tulinagwe alikuwa na rosela kavu, yale maua ambayo maji yake hutoka mekundu kama divai, aliyoletewa na dada yake wa Kyela. "Nichemshie, tena nyingi," alisema mzee. "Kifua kinanibana." Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa miaka mingi, na ulitoka laini kuliko alivyotegemea. Tulinagwe akachemsha, na kwa kuwa alimpenda mumewe, akaitia tangawizi ya kutosha. Mzee akangoja mpaka mkewe ameenda kukamua, akaimimina kwenye chupa mbili za divai za mwaka jana alizozitunza kwa ajili ya asali, akazipeleka kanisani. Mchungaji alimshukuru sana kwa kutembea na mvua ile.

Alfajiri ya Pasaka waumini walikusanyika makaburini kama kila mwaka, tarumbeta zikalia, jua likatoka kwa dakika tano nzima. Kisha wakaingia kanisani, na saa ya Meza ya Bwana wakapita mmoja mmoja kupokea.

Tulinagwe alipokunywa, aliganda. Mwanamke anaijua tangawizi yake. Akainua macho polepole mpaka kwenye kiti cha mbele, upande wa kulia, na mumewe akapata jambo muhimu la kutazama kwenye dari.

Nyuma ya Tulinagwe alikuwa Bibi Lutufyo, ajuza aliyekuwa akikohoa tangu Krismasi. Huyo alirudi mahali pake ameshika kifua kwa mikono miwili, na ulipofika wakati wa shuhuda akasimama na mkongojo wake. "Mwe, mimi nimeshiriki Meza hii miaka sitini," alisema. "Leo imeshuka na moto! Imepita hapa, imepita na hapa! Kifua kimefunguka! Kyala, Mungu wetu, ni mwema, ndaga fijo, asante sana!" Na kweli hakukohoa tena siku ile. Vigelegele vikapigwa. Watu wengine watatu wakakiri kwamba nao waliusikia moto ukishuka. Mzee Enosi, ambaye alikuwa mtu wa pili kwa unyofu katika usharika ule, na jambo hilo la kuwa wa pili lilimuuma, alilia machozi mbele ya watu wote.

Kwa hiyo usharika mzima ulishiriki rosela ya Tulinagwe, isipokuwa Elina. Yeye alikuwa nyuma kwenye upepo, kitenge kimemfunika uso asionane na kiti cha mbele, na hakuruhusiwa kukaribia. Katika watu mia mbili, mwenye dhambi peke yake ndiye aliyetoka na Pasaka yake safi.

Nyumbani Tulinagwe hakugomba. Alimwekea mumewe ndizi na maziwa mgando, akaketi.

"Kifua kimepona?"

"Kimepona."

"Cha kwako au cha Bibi Lutufyo?"

Mzee akaweka kijiko chini, akamweleza yote, mpaka kitenge. Tulinagwe alisikiliza amefumba macho. "Kyala atutule, Mungu atusaidie," alisema mwishowe. "Sasa nenda kaungame."

"Nikiungama, mama, si nitamrudishia yule bibi kikohozi chake?"

Hiyo ndiyo hoja aliyoishikilia wiki nzima. Lakini hoja nyingine ilimfuata mpaka shambani. Akichuma chai, aliigeuza hivi na hivi. Kama sheria ni sheria, basi watu mia mbili hawakushiriki Pasaka, na aliyewaibia ni yeye. Kama Bwana aliwapokea kwa imani yao, na rosela yao vilevile, basi Bwana hashiki taratibu kwa ukali huo. Na kama hashiki kwa ukali huo, Elina na mtoto walikuwa wanafanya nini kwenye upepo miezi yote hii? Kila alikopita, njia ilimrudisha kwake mwenyewe. Mwisho akakata shauri la watu wazima: atanyamaza, na Jumamosi atamsemea Elina maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kusema juu ya mtu. Yaani aliamua kujiokoa kwa matendo, ila hakuliita hivyo.

Jumamosi baraza likakaa ofisini: Mchungaji Wilson, Mzee Enosi, Mzee Ezron na wazee wengine watatu. Elina alisimama nje kibarazani, nyuma ya mlango ulioachwa nusu wazi, Atupele mgongoni. Mchungaji alitaka aingie. Enosi akaeleza kwamba miguu ya binti ina tope, na wazee wote wakaitikia kwamba ni tope hilo, hakuna jingine. Mchungaji akatazama miguu yao, ambayo nayo ilikuwa na tope, akafungua daftari.

Mzee Ezron akasema aliyoyapanga. Alisifu bidii, alisifu uvumilivu, alisifu mistari ya chai iliyopaliliwa mpaka chini ya mashina. Wazee wakatikisa vichwa kuafiki. Mchungaji alikuwa amekwisha shika kalamu, Enosi aliposimama.

"Kabla hatujafunga," alisema. "Jumamosi Kuu mke wangu alikuwa anakata majani ya ng'ombe upande wa juu wa kijito. Alimwona huyu binti ukingoni, kitenge kakivua. Na chini kule, kwenye vichaka, sauti ya mwanaume inagugumia. Jumamosi Kuu, ndugu zangu! Na mumewe yuko Chunya!"

Mchungaji akageukia mlango.

"Elina, ni kweli ulikuwa pale?"

"Ndiyo, Mchungaji."

"Na mwanaume alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Ni nani?"

Nje palisikika mtoto akipiga domo lake la kitoto, na matone yakianguka kutoka kwenye bati.

"Siwezi kumtaja, Mchungaji."

"Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi kumtaja. Hata mkiniweka benchi lile miaka mitano."

Sasa, ndani ya chumba kile walikuwamo wazee watano wa Kinyakyusa, na kila mmoja alijua, kama anavyolijua jina la mama yake, kwamba duniani yupo mwanaume mmoja tu ambaye mwanamke hawezi kumtaja. Lakini kulijua hilo kwa sauti kungekuwa ni kukiri kwamba kutila kungali hai, na wote walisema amina Jumapili ya Matawi. Wakatazama sakafu. Mmoja akakuna goti. Enosi, aliyetambua ghafla kaa la moto aliloliokota, alifungua mdomo, akaufunga, akaona ni rahisi kumtenga mwanamke kuliko kujieleza. "Basi ameshindwa kujitetea," alisema, akitazama pembeni. "Aongezewe mwaka."

"Na mtoto?" aliuliza Mchungaji.

"Mtoto atangoja."

Mchungaji Wilson alikuwa mgeni na hakuelewa. Akaandika tarehe, taratibu, kwa uso wa mtu anayelazimishwa. Nyuma ya mlango Elina hakulia wala hakubisha. Alisikika tu akimpandisha mtoto mgongoni na kukaza kitenge, kama mtu anayejiandaa kwa safari ndefu.

Hapo Mzee Ezron aliona aibu. Si ile aliyoikimbia tangu darajani, ya watu kukuona. Hii ilikuwa nyingine, ambayo haihitaji shahidi, na ilimuuma mpaka akashindwa kukaa.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyeuliza ni wewe nini. Akasimulia mwenyewe: kikohozi, magogo, kuruka, chupa, kitenge, mlima ulioambiwa kulia kidogo. Akasimulia rosela. "Na tangawizi," aliongeza, kwa kuwa alikuwa mtu wa kukamilisha mambo.

Mzee Enosi alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Rosela?" alisema. "Mimi nimelia kwa rosela?"

Wakaanza kusema wote pamoja. Mmoja alitaka kujua kama Pasaka ilikuwepo au haikuwepo. Mwingine alitaka irudiwe. Wa tatu aliuliza, hivi wale waliokufa wiki hii, na kweli mmoja alikuwa amekufa, wamekwenda na nini? Mchungaji Wilson alikuwa ameinamisha kichwa, mkono mdomoni, mabega yanatikisika, na wazee wakanyamaza kwa heshima wakidhani analia. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa na maji kweli.

"Mzee wangu," alisema, "nasikia kwa mila zenu mkwe ndiye anayepisha. Kwa nini uliruka wewe?"

"Alikuwa na mtoto mgongoni."

"Na hilo ndilo ulilolificha wiki nzima?"

"Ndilo."

Mchungaji akaweka kalamu chini. "Mzee Ezron, mtu anahesabiwaje haki mbele za Mungu?"

Mzee Ezron akafungua kinywa. Jibu alilowafundisha watoto wa vijiji vitatu, jibu ambalo mtu alipewa jembe kwa kulikosea neno moja, halikuja. Alilitafuta, likawa halipo.

"Sijui, Mchungaji," alisema. "Nilidhani najua."

Baraza likaamua kabla ya saa ya chakula. Elina arudishwe kundini siku ya Pentekoste, na mtoto abatizwe siku hiyohiyo. Mpaka hapo aendelee kukaa nyuma, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu. Mzee Ezron avuliwe uzee, akae benchi la nyuma mwaka mmoja, na apalilie chai ya kanisa mpaka matunda ya toba yaonekane. Enosi ndiye aliyeandika, kwa mwandiko mzuri kuliko kawaida yake. Wakaazimia pia kwamba habari ya rosela isitoke nje ya chumba kile, na kufikia jioni ilikuwa imefika mpaka kijiji cha Igogwe.

Wote waliogopa Bibi Lutufyo akiisikia itakuwaje. Aliisikia. "Kyala aligeuza maji," alisema, "atashindwa na rosela?" Hakukohoa. Kesho yake alikwenda na mkongojo wake mpaka kwa Tulinagwe kuomba nyingine.

Jumapili ikafika, na kwa mara ya kwanza tangu kusimikwa Mzee Ezron hakutembea katikati ya kanisa mpaka mbele. Benchi lilikuwa hatua mbili kutoka mlangoni. Alikuwa amevaa koti lake jeusi. Elina alikuwepo tayari, upande wa dirishani, amemweka Atupele pembeni yake. Alipomwona mzee akiingia bila kukohoa, alivuta kitenge usoni, akanyanyuka atoke nje kwenye manyunyu, kwa sababu hakuna mila iliyowahi kufikiria kwamba watu hao wawili wanaweza kutengwa pamoja.

"Kaa, mwanangu," alisema Mzee Ezron, akikitazama kitabu cha nyimbo.

Hakuwahi kumsemesha kabla ya hapo. Watu wa mabenchi ya mbele yao walisikia, na wote kwa pamoja hawakugeuka. Elina alisimama kidogo, mkono ukutani. Kisha akakaa, uso dirishani. Mzee akakaa mwisho wa upande wa pili, uso madhabahuni. Kati yao palibaki nafasi ya watu wanne, na Atupele.

Atupele alikuwa na miezi minane na hakuna aliyekuwa amemwambia lolote kuhusu kutila. Alimtambua yule bwana wa mtoni. Akatambaa ubao wote, akapanda pajani, akashika kola ya koti, akamkagua babu yake kwa makini, na alipotosheka naye akamkojolea. Ilikuwa ya moto. Ilipita koti, ikapita na suruali. Elina aliona kwa pembe ya jicho, akanyoosha mkono, akaurudisha, hakujua la kufanya.

"Mwache," alisema mzee.

Mbele kule Enosi, ambaye sasa ndiye mwenye darasa la kipaimara, aliwasimamisha watoto akawauliza swali lile. Wakajibu kwa sauti moja, bila kuvuta pumzi. Mzee Ezron hakuwahi kulisikia jibu hilo akiwa amekaa nyuma, na aliona midomo yake ikilifuata neno kwa neno, polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma. Benchi lile alilistahili. Juu ya hilo hakuwa na shaka yoyote. Mtoto hakumstahili. Alipewa tu, akakojolewa, na alijisikia vizuri kiasi kwamba aliona haya.

Upepo ukaingia kupitia dirisha lisilo na kioo, ukamfanya Atupele apige chafya. Mzee Ezron akavua koti, akageuza upande mkavu ndani, akamfunika.